Vidonge vya Jioni

Mke wangu Godelieve haamini kitu chochote kinachopuliza hewa. Kiyoyozi cha nyumbani kwetu Haltom City anakizima nikishatoka tu, hata mwezi wa nane, na kanisani huwa anakaa mbali na feni. Kwa hiyo siku aliponiambia yuko tayari kwenda Houston kufungiwa ndani ya chombo cha oksijeni ili figo lake lipone, ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifurahi kama mjinga, nikaenda kupima upepo wa matairi.

Figo lilikuwa linamsumbua kwa mara ya tatu mwaka ule. Februari, Mei, na sasa Agosti. Kila mara ni yale yale: homa, kutetemeka kwa baridi huku nje lami inayeyuka, na mgongo upande wa kushoto unamkata mpaka anashika ukuta. Kila mara kliniki ilimpa vidonge ishirini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku kumi. Kila mara alipata nafuu, na kila mara ugonjwa ulirudi. Safari hii daktari, binti mmoja mwenye raba nyekundu, alitazama picha muda mrefu, kisha akaeleza kupitia mkalimani wa kwenye simu. Mkalimani alikuwa na Kiswahili safi cha kusomea taarifa ya habari, na ndivyo alivyotusomea: figo la kushoto limeanza kupata kovu, na maambukizi yakiendelea kurudi, mgonjwa yuko hatarini kulipoteza. Halafu akatuuliza kama tuna swali la ziada. Hatukuwa na swali la ziada.

Mimi ni mtu wa ghala. Naendesha foklifti Grand Prairie, zamu ya jioni, natoka nyumbani saa tisa alasiri na nikirudi nakuta watu wamelala. Godelieve anafua mashuka ya hoteli, anaingia kazini alfajiri. Tunaonana asubuhi kidogo, na saa nane mchana kidogo, kama watu wanaopishana mlangoni. Kidonge cha asubuhi nilikuwa nampa kwa mkono wangu, naamka kwa ajili hiyo, nasimama pale na glasi ya maji mpaka ameze. Cha jioni alikuwa anameza mwenyewe. Mimi muda huo niko juu ya foklifti.

Habari za chombo hicho, kilichoko Missouri City pembeni ya Houston, aliyetuletea ni Belyse, anayeimba kwaya na Godelieve. Alikuja mwezi wa tano na karatasi yenye picha ya mzungu anayetabasamu ndani ya beseni. Karatasi ilisema oksijeni pamoja na bafu la madini, siku tatu, kwa wenye maambukizi sugu ya figo. Belyse alimjua mtu aliyepona kabisa, ingawa tulipombana ilibainika alichopona yule mtu ni goti. Godelieve aliikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Ilikaa pale miezi mitatu. Halafu Jumatano moja, siku moja tu baada ya kuanza dawa za Agosti, akainama, akaichomoa, akasema, "Baba Yves, twende Houston. Jumamosi."

"Oksijeni umeanza kuiamini lini?"

"Sijasema naiamini. Nimesema twende."

Nikaomba ruhusa kazini. Tulitoka gizagiza na chupa sita za maji, maana daktari alisema anywe maji mengi, na nilisimama kwenye kila kituo cha mafuta kati ya Dallas na Houston. Njiani alikuwa mchangamfu kuliko mgonjwa anavyopaswa kuwa. Mkoba wake aliupakata, na nilipotaka kuuweka kiti cha nyuma alisema uko sawa hapo ulipo.

Mahali penyewe palikuwa kwenye safu ya maduka, katikati ya fundi simu na wasusi. Mwenye mali anaitwa Patroba, Mkenya wa Kisumu, mtu wa tumbo la heshima, ambaye zamani alikuwa anahudumia mashine za kupumulia hospitalini. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana, mzee. Mama, feel at home. Hapa tuna-combine vitu mbili. Oxygen ina-boost damu, halafu bath ya minerals ina-flush uchafu yote. Figo haina choice."

"Mmeshaponya wangapi?" nikamuuliza.

"Mzee, sisi hatusemi kuponya. Lawyer alikataa hiyo word. Tunasema ku-support."

Nilimwangalia Godelieve, nikitegemea atageuka turudi kwenye gari. Mwanamke huyu aliwahi kurudisha papai dukani akiwa ameshalila nusu. Lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa upole kama yuko kwenye mahubiri.

Chombo cha oksijeni kilikuwa pipa refu la kulala, jeupe, lenye kidirisha cha kioo usawa wa uso. Kulikuwa na spika ndani na nje, na kitufe cha kubonyeza ili uongee na aliyelala. Aliyekuwa anakiendesha ni nesi mmoja Mkisii, Moraa, ambaye wiki nzima yuko hospitali na Jumamosi yuko pale. Alikuwa na sura ya mtu asiyependa kupotezewa muda, nikampenda mara moja.

"Mama, ndani hakuna chuma, hakuna mafuta, hakuna simu," Moraa alisema. "Oxygen na moto ni marafiki."

Godelieve akavua hereni. Akatoa vibanio vya nywele, kimoja kimoja. Akafutwa mafuta usoni na mikononi. Akatoa rozari shingoni, na hapo alisita, akaibusu, akanipa. Ulipobaki mkoba, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Huu naingia nao."

"Haiwezekani, mama."

"Nitaulalia."

"Mama, hata Pope akija hapa, mkoba anaacha."

Akanikabidhi. "Usiufungue," akaniambia. Tumeoana miaka ishirini na minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia hivyo, labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kunipa. Akalala, Moraa akafunga mlango, mashine ikaanza kunguruma. Nilimwona kwenye kioo amefumba macho kama amezikwa na watu wanaomjali.

Baada ya dakika kumi Moraa akaja na fomu. "Mzee, nahitaji list ya dawa anazotumia. Ningeuliza kabla aingie, lakini Patroba anaharakisha watu."

"Ziko kwenye mkoba," nikasema.

"Basi tuone."

Nilieleza kwamba nimekatazwa. Akanitazama. Nikafungua.

Chupa ya kliniki ilikuwa juu juu. Moraa akaimimina kiganjani, akahesabu kwa kidole. Zilianza Jumanne, ishirini, mbili kwa siku, leo asubuhi amekunywa moja: vinatakiwa kubaki kumi na kimoja. Vilikuwa kumi na kimoja. "Very good," akasema. "Wagonjwa kama hawa ni wachache." Nilijivuna kidogo, nisiseme uongo.

Kisha akaona kifurushi. Kilikuwa chini, kimefungwa kwa karatasi ya nyimbo za kwaya na gundi ya karatasi kuzunguka mara nne. Juu yake Godelieve alikuwa ameandika kwa herufi kubwa. Niliona jina langu, Pontien, na kwa sekunde chache niliamini nami ni mgonjwa na watu wamenificha. Halafu nikasoma vizuri. *Mama Pontien, Kigoma. Asubuhi na jioni, akishakula.*

Moraa akakata gundi kwa mkasi. Ndani mlikuwa na vidonge kumi na vinne, vya rangi ile ile, na alama ile ile katikati.

Akavipanga mezani, kumi huku, vinne huku, akavitazama. "Hizi nne ni za wiki hii," akasema. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jana. Za jioni. Anatoa kwa chupa, lakini hamezi. Hizi kumi ni za ile dose ya May. Na za February?"

Za Februari nilijua zilikokwenda, nikiwa nimekaa pale pale. Februari mama yangu, ambaye bado yuko kambi ya wakimbizi Kigoma, aliugua mgongo na homa, akalala wiki mbili bila kuinuka. Ndugu yetu Vital alikuwa anasafiri, Godelieve akampa kibahasha, akaniambia ni picha za mtoto wetu Yves. Wiki chache baadaye mama akainuka. Nilitoa misa ya shukrani Fort Worth. Nilisimama mbele ya watu nikasema Mungu ametenda, na Godelieve alikuwa benchi la tatu, amejifunga kitenge kiunoni kwa sababu ya maumivu, anasema amina.

"Mzee," Moraa akasema, na sasa aliongea polepole, "dawa nusu haiui. Ina-annoy tu. Wadudu wadhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki, wanazoea. Kila wakati mama anapona nusu, halafu inarudi na nguvu. Siwezi kukudanganya. Hii oxygen haiwezi maliza kazi ya vidonge."

Patroba alikuwa mlangoni. "Ina-support," akasema.

"Patroba, wacha," Moraa akamwambia, na Patroba akaacha.

Nikasimama. Nilikuwa nimekasirika. Nikaenda kwenye pipa, nikabonyeza kitufe.

"Mama Yves, unanisikia?"

Kule ndani macho yakafumbuka. Sauti yake ikatoka kwenye spika, kubwa, ikajaa chumba kizima. "Nakusikia."

"Nimefungua mkoba."

Mashine ikanguruma. "Nilikuambia usiufungue."

"Nesi alitaka dawa."

"Sasa ameziona."

"Tumeziona wote. Ufunguliwe utoke."

Patroba akainua mkono. Pressure haiwezi kushushwa ghafla, akaeleza, masikio yataumia, ni lazima ishuke polepole, robo saa nzima. Kwa hiyo ugomvi mkubwa kuliko yote ya ndoa yetu tuliufanya mimi nikiwa nimeinama kwenye kitufe, yeye amelala chali nyuma ya kioo, na Wakenya wawili wamekaa kimya wanasikiliza. Kirundi tunacho, lakini ugomvi wetu tangu kambini tulikooana ni wa Kiswahili, na saa ile hakuna aliyekumbuka kubadilisha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kule wakienda dukani wanapewa vidonge vya unga wa chaki. Mama mwenyewe alisema. Hizi ni dawa za kweli, na mimi nina ishirini. Mtu mwenye ishirini anameza zote peke yake?"

"Ndiyo. Ndivyo zilivyoandikwa."

"Nilipata nafuu kwa zile kumi."

"Na figo lina kovu. Ulimsikia yule wa simu."

"Nilimsikia."

"Na oksijeni?"

"Audace anakaa huku Houston," akasema. "Anasafiri kesho kwenda Kigoma. Nilikuwa nampelekea mzigo."

Ndiyo maana ya safari nzima. Godelieve hakuwa na imani na oksijeni hata kidogo. Alikuwa na imani na Audace.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Ungekataa. Halafu ungekuwa mtoto aliyemkatalia mama yake dawa. Nikaona hilo nikubebee." Akageuza uso tukatazamana kwenye kile kidirisha. "Ile Februari ulikuwa unakaa kwenye gari hapo nje ya nyumba, unalia. Kila asubuhi. Ukiingia ndani unaniambia ulikuwa unasikiliza mpira."

Nilitoa kidole kwenye kitufe. Nilikuwa ninampenda mke wangu na ningeweza kulipiga teke lile pipa, vyote kwa pamoja. Moraa alikuwa anaangalia viatu vyake. Patroba alikuwa anajifuta uso kwa taulo la wateja.

Nikatoka nje kwenye maegesho, joto likanipiga, nikampigia mama. Texas ilikuwa inaelekea saa sita mchana. Kigoma ilikuwa karibu saa mbili usiku, watu wanakula. Mama alifurahi. Akaniuliza habari za Yves shuleni, akaniuliza kama bado nanenepa.

"Mama, zile dawa ulizoletewa na Vital. Ulimeza ngapi?"

"Dawa kali zile, mwanangu. Nilimeza nne tu, mgongo ukaacha."

"Zilikuwa kumi."

"Sita niligawa. Mama Heritier alikuwa na kikohozi, nikampa mbili. Matumaini alikuwa na kidonda mguuni, akasaga mbili akanyunyizia. Moja alipewa katekista. Nyingine sikumbuki." Nikasikia anavuta pumzi. "Siku hizi mgongo umerudi kidogo. Lakini mkeo amesema Audace analeta nyingine. Kwa huyo mwanamke mshukuru Mungu."

Nilikaa kwenye ukingo wa njia ya miguu, lami inaniunguza suruali. Mke wangu alikuwa amegawa figo lake nusu, na hiyo nusu kambi nzima ilikuwa imegawana, na hakuna hata mmoja aliyepona, isipokuwa sina hakika na katekista.

"Mama," nikasema, "safari hii Audace haleti dawa."

Sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Isack atakupeleka hospitali keshokutwa, nampigia sasa hivi. Wakupime mkojo, wakupe dawa zako mwenyewe, na uzimeze zote. Hata ukipona siku ya tatu. Usimpe mtu hata kimoja."

"Hospitali wataniweka foleni siku nzima. Pontien, unanikatalia dawa?"

Sijawahi kumkatalia mama yangu kitu. Tulipokimbia alinibeba mgongoni nikiwa na miaka sita, na miguu yangu ilikuwa mirefu inaburuta chini. Nilitamani simu ikatike, kama inavyokatika siku nyingine zote. Siku ile ilisikika vizuri kuliko miaka yote.

"Nakukatalia, Mama," nikasema.

Akasema sawa, kwa sauti ndogo, akaniambia niwasalimie.

Nilimpigia ndugu yangu Isack, tukapanga. Niliporudi ndani Godelieve alikuwa ameshatolewa, amekaa kwenye kiti na joho jeupe, nywele zimesimama, anang'aa. Moraa alikuwa amepiga simu ya manesi wa kliniki yetu, akawaeleza kila kitu bila kutupendezesha. Wakasema aanze tena mara mbili kwa siku leo hii hii, Jumatatu asubuhi aje apimwe mkojo, wataona kama dawa ibadilishwe. Vile vinne vya wiki hii virudi kwenye chupa. Vile kumi vya Mei Moraa alivitupa kwenye sanduku lao la dawa za kuharibu, mbele yetu, na Godelieve alivisindikiza kwa macho kama mtu anayeona chakula kinamwagwa.

Bafu Patroba alisisitiza aingie, kwa sababu maji yalikuwa yameshachanganywa. Ni chumvi, alisema, ya kutoka bahari ya huko Israeli. Maji yenyewe ni ya bomba la Missouri City. Godelieve alikaa humo nusu saa akatoka akisema afadhali hilo. Siku mbili zilizobaki tulizifuta, na Patroba hakubisha. Alituambia mama yake naye yuko Kisumu ana presha, na yeye humtumia nusu ya vidonge vyake. Moraa akamgeukia taratibu. Tuliwaacha wanatazamana.

Saa kumi na moja Audace alikuja maegeshoni na mizani ya kupimia mabegi mkononi. "Mzigo uko wapi? Nimewaachia gramu mia mbili." Nikamwambia hakuna mzigo. Hakuelewa. Hakuna mtu anayemwachia msafiri gramu mia mbili ziende bure. Akaniangalia mimi, akamwangalia Godelieve, akauliza kama kuna msiba. Mwishowe Godelieve alitoa rozari yake, akaifunga kwenye ile karatasi ya nyimbo iliyokuwa imefunga dawa, jina bado liko juu yake. Audace akaipima. "Gramu arobaini," akasema, na akaondoka akinung'unika.

Tulilala Missouri City, hoteli ndogo kando ya barabara. Godelieve alifunua kitanda, akashika mashuka, akanusa. "Haya hayajasuuzwa," akasema, akatandika kitenge chake juu. Ilikuwa saa moja jioni. Tangu nianze ile zamu, miaka mitatu, sikuwahi kuwa naye chumba kimoja saa moja ya jioni siku isiyo ya Jumapili, na Jumapili huwa nimesinzia. Nikajaza glasi. Nikatoa kidonge kwenye chupa, nikakiweka kwenye kiganja chake.

Alikitazama muda mrefu.

"Hiki ni cha mama yako," akasema.

"Meza."

"Pontien."

"Meza, Mama Yves."

Akameza. Akanywa maji yote mpaka chini. Akafungua mdomo nione, ulimi juu, ulimi chini, kama tulivyokuwa tunafanyishwa kambini na watu wa afya. Hakukuwa na kitu. Nikachukua glasi, nikaisuuza, nikaikausha, nikaisuuza tena. Kisha nikachukua funguo za gari.

"Unakwenda wapi?"

"Nasikiliza mpira kidogo."

Akasogea, akanipisha upande wa kulia wa kitenge, ule usiomuuma.

"Leo usikilizie hapa hapa," akasema.

Nikarudisha funguo mezani, nikakaa, nikasikiliza.